KUTUA MZIGO: SOMO JUU YA MAUNGAMO

Masomo: Zaburi 32, Mathayo 27:3-5, Yohana 21:9-17, 1 Yohana 1:8-10



Kila Jumapili twapiga magoti na kuungama pamoja. Maneno tumeyahifadhi tangu tulipokuwa katika darasa la Kipaimara. Hata hivyo wako miongoni mwetu wanaotoka kanisani na mzigo ule ule walioingia nao. Wengine wameacha kabisa kuikaribia meza ya Bwana. Ukiwauliza, watasema kazi za shamba zimezidi au mwili hauna nguvu. Kumbe liko jambo moja moyoni linalowazuia. Somo hili ni kwa ajili yao, na kwa ajili yetu sote tunaokaa nao.

1. Dhambi iliyofichwa

Wazee wetu walisema, Mficha maradhi, kifo humfichua. Zaburi ya 32 yasema jambo hilo hilo. Mtunzi aeleza kwamba aliponyamaza mifupa yake ilichakaa, naye akalia mchana kutwa. Mkono wa Mungu ulimlemea usiku na mchana, na nguvu zake zikakauka kama nchi wakati wa kiangazi. Hakuwa na ugonjwa wa kutibiwa kwa dawa. Alikuwa na siri.

Tumfikirie mtunza hazina wa chama cha kuzikana. Mtoto wake anarudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, naye anachukua fedha kidogo katika sanduku, akikusudia kuzirudisha baada ya mavuno. Mavuno hayatoshi. Anaandika hesabu isiyo ya kweli, na mwezi wa pili anaandika nyingine ili kuifunika ile ya kwanza. Sasa kila anaposikia kuna msiba kijijini anashtuka, si kwa huzuni bali kwa hofu. Hawezi kumtazama mwenyekiti usoni. Nyumbani amekuwa mkali, wala mkewe hajui sababu. Tazama jinsi dhambi moja, iliyoanza kwa shida ya kweli, inavyozaa nyingine ili iendelee kufichika.

2. Petro na Yuda

Usiku mmoja wanafunzi wawili walimkosea Bwana vibaya. Petro alimkana mara tatu, Yuda alimsaliti. Wote wawili walijuta. Mara nyingi twasema Yuda hakutubu, lakini tusome vizuri Mathayo 27. Yuda alirudisha vile vipande thelathini vya fedha, akakiri mbele ya wakuu wa makuhani kwamba amemsaliti mtu asiye na hatia. Basi alikiri, tena fedha akairudisha. Walimjibu nini? Kwamba jambo hilo haliwahusu wao, aliangalie mwenyewe. Akatoka peke yake, akajinyonga.

Yuda alipeleka dhambi yake kwa watu wasio na rehema, wala hakungoja kumwona Yule mwenye rehema. Petro naye alilia kwa uchungu, lakini alibaki pamoja na ndugu zake mpaka Bwana alipofufuka. Kando ya bahari, karibu na moto wa makaa, Yesu alimwuliza mara tatu kama anampenda, na kila mara akampa kazi ya kuwachunga kondoo wake. Huko nyuma, Petro alipomkana Bwana, alikuwa akiota moto wa makaa vile vile (Yohana 18:18). Bwana hakujifanya kwamba halikutokea neno. Alimrudisha Petro pale pale alipoanguka, akamwinua.

Hapa pana onyo kwetu tunaosikia. Ndugu akija kwetu usiku na kusema, Nimekosa, nasi tukamwambia, Hayo ni yako, tumechukua nafasi ya wale makuhani. Na tukiyasikia kisha tukayapeleka kisimani na sokoni, tumefanya vibaya kuliko wao.

3. Njia zilizo wazi katika Kanisa letu

Kwanza, mtu aweza kuungama kwa Mungu peke yake chumbani mwake. 1 Yohana 1:9 inatuhakikishia kwamba Mungu ni mwaminifu, naye husamehe.

Pili, yako maungamo ya watu wote. Yaliwekwa mwanzoni mwa Sala za Asubuhi katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1552, na katika kile cha mwaka 1662 yakawekwa pia mwanzoni mwa Sala za Jioni. Kasisi anapotamka ondoleo, tusilisikie kama tangazo la kawaida. Ni neno la Mungu kwa kila mmoja aliyetubu kweli.

Tatu, yako maungamo ya faragha mbele ya kasisi. Wengine hudhani hayo si ya Waanglikana. Sivyo. Kitabu cha mwaka 1662 kinamwalika mtu ambaye dhamiri yake haitulii aende kwa mhudumu wa Neno la Mungu kabla ya Ushirika, apate shauri na ondoleo. Tena katika ibada ya kuwazuru wagonjwa limo ondoleo la mtu mmoja. Halazimishwi mtu, wala hakatazwi mtu. Na kasisi hana ruhusa ya kutoa nje aliyoungamiwa; Kanuni ya 113 ya Kanisa la Uingereza ya mwaka 1603 ilikwisha kumwagiza kutunza siri hiyo.

Nne, ndugu wa Uamsho, ulioenea kutoka Gahini katika Rwanda miaka ya 1930, walitufundisha kutembea nuruni na kuungamiana, kama Yakobo 5:16 inavyoagiza. Ni zawadi kubwa. Lakini tuwe na hekima: mtu aungame dhambi yake mwenyewe, asimvue nguo mwenzake mbele ya watu.

4. Baada ya kuungama

Msamaha ni wa bure, lakini haufuti deni letu kwa jirani. Zakayo aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu (Luka 19:8). Daudi alisamehewa mara alipokiri mbele ya Nathani, hata hivyo matokeo ya dhambi yake yalibaki nyumbani mwake (2 Samweli 12). Mtunza hazina wetu hana budi kwenda kwa mwenyekiti na kusema kweli, na kulipa kidogo kidogo ikibidi. Huenda akavuliwa kazi ile. Lakini usiku atalala.

Pia wako wanaobeba hatia isiyo yao, kama mama aliyefiwa na mtoto na kujilaumu kwamba alichelewa kumfikisha hospitali, ingawa alifanya yote aliyoweza. Huyu hahitaji kusamehewa bali kufarijiwa. Naye aende kwa kasisi, asaidiwe kupambanua huzuni na dhambi.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni nini hutuzuia kuungama: ni kumwogopa Mungu au kuwaogopa watu?
2. Je, mtu aliyeanguka angeweza kuja katika kikundi chetu bila kuogopa masengenyo?
3. Yuko mtu ambaye yatupasa kumrudishia kitu?

Tuombe

Ee Baba wa rehema, unayezijua siri za mioyo yetu wala hututupi, utupe ujasiri wa kusema kweli mbele zako, na upole wa kumpokea ndugu yetu anayesema kweli mbele zetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.