Masista waliokimbia kama sisi
(Somo la Jumuiya Ndogo Ndogo)



Wapendwa wanajumuiya, hapa Lobule, Koboko, tunasikia watu wakinung'unika: "Zamani sista alikuwa mwalimu au muuguzi. Hawa wa leo wanakaa chini ya mwembe kusikiliza watu. Ni kazi gani hiyo?" Hata sisi tuliwahi kusema hivyo. Basi tusome Lk 10:38-42, kisha tutazame shirika moja la jirani.

Askofu Sisto Mazzoldi, Mkomboni, alianzisha Masista wa Moyo Mtakatifu wa Yesu huko Juba mwaka 1954. Mwaka 1964 serikali ya Sudan iliwafukuza wamisionari wa kigeni, na vita vilikuwa vinazidi. Masista wakavuka mpaka wakafika Moyo, Jimbo la Arua. (Masista wa Moyo wakapata makao Moyo! Sisi wa Kiswahili tunacheka kidogo.)

Fikirini: shirika la miaka 10 tu, na tayari liko ukimbizini. Kazi waliyoizoea imebaki ng'ambo. Walichobeba ni nadhiri zao, sala, na watu waliokimbia pamoja nao. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Perfectae Caritatis, uliyataka mashirika yarudie roho ya mwanzilishi na yapime mahitaji ya nyakati. Wengine walilisoma jambo hilo katika kitabu. Hawa walikuwa wamekwisha kulikuta njiani.

Amani ya Addis Ababa ilikuja 1972. Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, wenyeji wa West Nile nao walikimbilia Sudan na Zaire. Halafu vita vya Sudan Kusini, 2013 na 2016, vikajaza Rhino Camp, Imvepi na Bidibidi.

Hatusemi shule na zahanati si kazi ya sista tena. Watoto wetu wanahitaji walimu. Lakini jirani yetu mmoja alifika hapa bila kusema neno. Sista alikaa naye siku tatu, wakichambua maharage. Siku ya nne mama yule alitaja majina ya watoto wake.

Maswali ya jumuiya:
1. Soma Mt 2:13-15. Nani alikupokea ulipovuka mpaka?
2. Binti yako akitaka usista, utamwuliza nini kwanza: mshahara, shule, au nini?
3. Nani katika mtaa wetu hajatembelewa mwezi huu? Nani atakwenda?