Siku ya mwisho hadi Chonyonyo

Swali: Nimetoka Dar es Salaam peke yangu kwa baiskeli. Nimebakiza Bukoba hadi Chonyonyo, Karagwe, kwa bibi yangu. Nimalize kwa siku moja?

Jibu: Hongera, na pole kwa safari. Usimalize kwa siku moja. Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Karagwe vinapita 1,500. Utavipanda ukiwa na uchovu wa safari nzima. Lala Kyaka, penye daraja la Mto Kagera lililolipuliwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, uondoke alfajiri.

Jioni hiyo kagua breki. Mpira wa breki uliolika hadi mistari yake imefutika, badilisha hapo hapo. Utawaona vijana wa huko waliofunga mikungu ya ndizi nyuma ya baiskeli: penye mteremko mkali hushuka wakatembea nayo. Nawe una mzigo, fanya vivyo hivyo. Kwingine bana breki na kuachia, usizikamate mfululizo, maana rimu ikichemka sana hupasua tiubu.

Ukiiacha lami, punguza upepo kidogo kwenye matairi, yashike vizuri changarawe. Na kula kabla njaa haijauma. Furaha ya kukaribia huwasahaulisha wengi.

Bibi mwambie siku, saa usiitaje. Ukimwahidi saa kumi, utaikimbiza miteremko kwa ajili ya ahadi hiyo.