Wawili na Mabegi Mgongoni: Kutoka Dar hadi Great Zimbabwe na Kurudi

Kama wewe na mwenzako mnapanga safari ndefu ya nchi kadhaa na pasipoti zenu ni za Tanzania, elekeeni kusini. Fedha ambayo wawili wangeimaliza kwenye maombi ya viza ya Ulaya, bima na tiketi za ndege, hata kabla hawajafungasha, inawatosha kula na kulala wiki nyingi Malawi, Zambia na Zimbabwe. Huko Mtanzania anagongewa muhuri mpakani bila kulipia viza, na Botswana vivyo hivyo. Mimi na mume wangu tulifuata njia hii: Mbeya, Ziwa Nyasa, Lilongwe, Lusaka, Livingstone, Bulawayo, Masvingo, Francistown, Kasane, kisha Lusaka tena na nyumbani kwa njia ya Tunduma. Hatukupanda ndege hata kipande kimoja.

Maandalizi ya karatasi ni machache. Pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita mbele na kurasa tupu za kutosha, maana kila mpaka unakula nafasi mara mbili. Beba kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Tangu 2016 chanjo hiyo inahesabiwa kuwa ya maisha, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka 10. Kila mmoja abebe pasipoti yake mwenyewe na nusu ya fedha taslimu, na picha za pasipoti zote mbili ziwe kwenye simu zote mbili. Begi likipotea, lisipotee na safari nzima.

Kuhusu mizigo, kilo 10 kwa mtu zinatosha kabisa. Kwangu mimi kitu cha kwanza kuingia begini ni khanga, doti nzima. Ni taulo, shuka, pazia la kitanda cha chini kwenye treni, na stara pale kondakta anaposimamisha basi watu wakachimbe dawa porini. Hakuna kifaa cha dukani kilichonifaa kama khanga hiyo.

Sasa fedha, ambayo ndiyo huwagombanisha wengi. Sisi tuliweka mfuko mmoja wa safari na mshika hazina mmoja kwa kila nchi. Malawi nilishika mimi, Zambia akashika yeye, hivyo hivyo hadi mwisho. Asiyeshika hazina haruhusiwi kuingilia mapatano ya bei mbele ya mwenye bidhaa wala mwenye nyumba ya wageni. Akiwa na la kusema, analisema chumbani. Kila jioni mshika hazina anaandika matumizi kwenye daftari na mwenzake anasoma. Zaidi ya hapo, kila mmoja awe na pesa yake ndogo asiyoulizwa. Nanunua kitenge, yeye ananunua kitabu, hakuna maelezo. Naamini utaratibu huu ulitulinda kuliko upendo peke yake ungeweza kutulinda, na ningemshauri kila anayeoa au kuolewa aujaribu hata asiposafiri.

Tulianza na TAZARA hadi Mbeya. Reli hii ya kilomita 1,860 hadi New Kapiri Mposhi ilijengwa kwa mkopo wa China kati ya 1970 na 1975, na kipande cha Mlimba hadi Makambako, chenye mahandaki na madaraja, kinastahili kutazamwa mchana. Wanandoa wajue jambo moja: behewa la kulala hutenganisha wanaume na wanawake. Chumba cha daraja la kwanza kina vitanda vinne, na ili mkae pamoja lazima mnunue vitanda vyote vinne. Tulikataa gharama hiyo. Nikalala na akina mama waliojua bei ya mchele wa Kyela na ya vitenge vya Lusaka hadi senti ya mwisho, na kesho yake nilishuka Mbeya na elimu ya biashara isiyopatikana darasani. Ratiba ya treni hubadilika na safari huweza kusitishwa, kwa hiyo ulizeni stesheni wenyewe kabla ya kupanga lolote.

Kutoka Mbeya tuliingia Malawi kwa mpaka wa Kasumulu, ulio karibu na Kyela. Wabadilisha fedha watawazunguka hapo. Badilisheni inayowatosha siku moja tu, mhesabu noti zao kabla hamjatoa zenu. Kwacha ya Malawi msibaki nayo mkitoka, maana nje ya nchi hiyo ni shida kuibadilisha. Mafuta yakiadimika Malawi nauli hupanda ghafla, kwa hiyo ongezeni akiba ya usafiri. Kwa mwendo mfupi ndani ya miji kuna kabaza, baiskeli ya abiria, na ukiipanda unaona mji kwa mwendo unaofaa.

Pumzikeni ziwani. Sisi tulikaa Nkhata Bay tukiisubiri meli ya Ilala, iliyoanza kazi ziwani mwaka 1951 na ambayo huja inapokuja. Daraja la kwanza ni sitaha ya juu, unalala wazi chini ya nyota, kwa hiyo beba sweta. Ilitufikisha Likoma, kisiwa cha Malawi kilicho karibu na pwani ya Msumbiji, ambako kuna kanisa kuu la mawe la Mtakatifu Petro, lililoanza kujengwa mwaka 1903 na wamisionari wa UMCA, wale wale waliojenga kanisa la Mkunazini Unguja. Nilikaa muda mrefu ndani yake nikifikiria jinsi njia za watumwa na njia za misheni zilivyoliunganisha ziwa hili na pwani yetu. Mkiogelea ziwani, kumbukeni kichocho. Dawa yake, praziquantel, humezwa wiki kadhaa baada ya kuogelea, siyo siku hiyo hiyo. Mkifika nyumbani nendeni mkapimwe.

Lilongwe, Chipata na barabara ndefu ya Lusaka tulizipita haraka. Baada ya kila siku ya basi refu, siku inayofuata hakuna safari wala uamuzi mkubwa. Mnafua, mnakula, mnalala. Lusaka tulikula nshima, yaani ugali, na kapenta, ambao ni dagaa wa Ziwa Tanganyika waliopandikizwa Kariba miaka ya 1960.

Kutoka Lusaka tulishuka Livingstone, penye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya yenye upana wa mita 1,708. Aprili na Mei maji ni mengi hadi mvuke unaficha maporomoko yenyewe. Oktoba na Novemba upande wa Zambia hubaki mwamba. Vukeni kwa miguu daraja la mwaka 1905 mwingie Zimbabwe. Huko bebeni dola za Marekani za noti ndogo, za dola moja na tano. ZiG, sarafu iliyoanzishwa Aprili 2024, ipo, lakini dola ndiyo inayozunguka, na chenji ni tatizo la kila duka.

Msiishie kwenye maporomoko kama wanavyofanya wageni wengi. Endeleeni Bulawayo, kisha Masvingo, na mpande kombi ya kuelekea Morgenster iwashushe njia panda ya Great Zimbabwe. Ukuta wa boma kubwa una mzunguko wa mita 250 hivi na unafika mita 11 kwenda juu, mawe matupu yaliyopangwa bila chokaa. Katika magofu haya ilipatikana sarafu ya shaba ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, yule aliyejenga Husuni Kubwa karne ya 14. Dhahabu ya huku ilishuka hadi bandari ya Sofala, ikapanda merikebu hadi Kilwa. Mume wangu ni mtu wa Lindi. Aliweka kiganja ukutani akanyamaza, nami nikamwacha. Kama mna uwezo wa kwenda sehemu moja tu kati ya zote nilizotaja, nendeni hapa, na mkirudi mwende Kilwa Kisiwani.

Botswana tuliingilia Plumtree. Mpakani na barabarani mtakanyaga mkeka wenye dawa, kinga ya ugonjwa wa miguu na midomo wa mifugo, na nyama mbichi hairuhusiwi kupita. Maisha ni ghali kuliko kote, kwa hiyo kaeni siku chache: Francistown, Nata, kisha Kasane, njiani tembo wakivuka lami. Kasane tulilala kwenye hema, pesa ya chumba tukaitumia kwenye boti ya jioni mto Chobe.

Kurudi Zambia mnapita daraja la Kazungula, lililofunguliwa mwaka 2021, lenye urefu wa mita 923 na lililopindwa makusudi lisiguse eneo la Zimbabwe. Kutoka Lusaka mabasi ya Tanzania yapo, lakini sisi tulipanda la Nakonde, mpakani, tukavuka kwa miguu hadi Tunduma. Pangeni kufika Tunduma kungali mchana, mtafute nyumba ya kulala karibu na stendi, na mkate tiketi ya Dar jioni hiyo hiyo, kwa sababu mabasi mengi huondoka alfajiri.