Kwa nini jamaa huambiwa wabaki nje ya thieta

Jamaa wa Shella na wadi jirani wanaompeleka mgonjwa wao kufanyiwa upasuaji mjini Malindi hukerwa na jambo moja: kuzuiwa mlangoni. Mume anataka kuchungulia kidogo tu, mama mkwe ana leso aliyosahau kuikabidhi, na muuguzi anaonekana mkali. Ukali huo una sababu.

Mtu anapotembea hupukutisha vipande vya ngozi visivyoonekana kwa macho, navyo hubeba bakteria. Watu wakizidi chumbani, bakteria huzidi hewani. Katika thieta yenye mtambo wa kusukuma hewa safi, hewa ya ndani huizuia ile ya korido isiingie. Kila mlango unapofunguliwa msukumo huo hupungua, na kidonda kiko wazi mezani.

Wahudumu nao hawajasazwa. Uzi umesahaulika, glavu za saizi fulani hazipo, mwenzao anaulizia zamu, na mlango unafunguliwa tena. Dawa yake ni kukamilisha vifaa vyote kabla daktari hajaanza kupasua.

Hili limejaribiwa hapa Kenya. Kati ya 2013 na 2015, Hospitali ya Kijabe ilikuwa miongoni mwa hospitali tano za Kenya, Uganda, Zambia na Zimbabwe zilizoshirikiana na Shirika la Afya Duniani (WHO). Zilitilia mkazo mambo sita: mgonjwa kuoga, kutonyoa nywele, kusafisha ngozi kwa dawa ifaayo, mikono ya wapasuaji, antibiotiki kwa wakati wake, na nidhamu ndani ya thieta, ikiwemo kupunguza kufungua mlango. Kabla ya hapo, vidonda 129 kati ya upasuaji 1,604 viliambukizwa, yaani asilimia 8. Baadaye vikawa 70 kati ya 1,827, asilimia 3.8. Mambo hayo yalikwenda pamoja, kwa hivyo mlango peke yake usipewe sifa zote.

Kwa upande wa nyumbani, mgonjwa aoge kwa sabuni kabla ya upasuaji, na asinyolewe kwa wembe, kwani wembe huchubua ngozi. Kitu cha kumpa akabidhiwe muuguzi mapema. Akisharudi nyumbani, mshono ukiwa mwekundu, ukivimba, ukitoa usaha au akipata homa, hata wiki tatu baadaye, arudishwe hospitalini siku hiyo hiyo, bila kupakwa chochote.