Akishatoka Gerezani: Somo kwa Kamati za Parokia

Tarehe 9 Desemba 2019 Rais John Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Mbali na misamaha ya sikukuu za kitaifa, mfungwa mwenye tabia njema huweza kupunguziwa theluthi moja ya kifungo, na wengine hutoka kwa parole chini ya Sheria ya Bodi za Parole ya 1994. Wote hao hurudi katika vijiji na mitaa yetu. Kamati nyingi zina ratiba ya kutembelea gereza wakati wa Krismasi na Pasaka, lakini hazina ratiba ya mtu yule yule akishafika nyumbani.

Tuanze na simu. Aliyeingia gerezani kabla ya Januari 2020, laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa, huenda akakuta namba yake imekufa. Kusajili nyingine anahitaji namba ya kitambulisho cha Taifa. Bila laini hapokei fedha kwa simu, wala fundi mwenzake hawezi kumwita kwenye kibarua. Mwanakamati akimsindikiza kwa mwenyekiti wa mtaa na kisha ofisi ya NIDA, gharama ni nauli na siku moja au mbili.

Kisha kazi. Magereza hufundisha ufundi. Karanga, Moshi, kuna kiwanda kikubwa cha viatu. Lakini ujuzi wa kiwandani hutegemea mashine za kiwandani. Anayerudi kijijini atahitaji sindano, gundi, ngozi na kigoda sokoni. Wafadhili wetu hupenda kutoa cherehani (hutoka vizuri kwenye picha!), nasi tunashukuru. Tunaomba, hata hivyo, sehemu ya mchango iwe nauli ya mtu wa kumfuatilia kwa mwaka mzima. Kodi ya chumba ikidaiwa na hakuna wa kumshauri, cherehani ndiyo huuzwa kwanza, na baada ya hapo marafiki wa zamani hawako mbali.

Jambo gumu zaidi ni jirani aliyeibiwa ng'ombe au kujeruhiwa. Kamati isiandae ibada ya kumpokea aliyetoka kabla ya kwenda kumsikiliza jirani huyo nyumbani kwake. Anaweza kukataa kukutana naye, na ana haki hiyo. Asisukumwe kwa maneno ya msamaha. Vilevile, aliyefungwa kwa kudhuru watoto asaidiwe apate makazi na kazi, ila asipewe jukumu lolote kwenye shule ya Jumapili wala kwaya ya watoto.

Kwa majadiliano: Katika jumuiya yenu nani yuko gerezani sasa, na anatarajiwa kutoka lini? Familia yake iko tayari kumpokea? Kama haiko tayari, atalala wapi usiku wa kwanza?