Pikapu na Trela: Mzigo Hupimwa Kabla ya Safari

Ndugu wasomaji wa Bugarama, Magara, Minago, Rumonge na mwambao wote hadi mpakani, somo la toleo hili linahusu jambo tunaloliona barabarani kila siku: pikapu ya ukubwa wa kati inayovuta trela. Wapo wanaosafirisha mapipa ya mawese, wapo wanaovuta boti kuipeleka ufukweni, wapo wanaobeba makasha ya ndagala na mikeke, na wapo wanaohamisha vyombo vya nyumba. Mwaka 2024, maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda na kuingia katika makazi ya watu, wengi walijionea jinsi mali ya familia nzima inavyoweza kurundikwa juu ya gari moja kwa saa chache.

Barabara yetu kuu, RN3, haina huruma kwa mzigo uliopangwa vibaya. Kwa sehemu kubwa upande mmoja ni kilima na upande wa pili ni ziwa, na mwaka 2015 maporomoko ya Gitaza yalitukumbusha kwamba hata ardhi yenyewe hapa haikutulia. Watembea kwa miguu, wanafunzi na waendesha baiskeli hupita pembeni mwa lami hiyo hiyo. Trela ikimshinda dereva, wanaoumia mara nyingi ni wale ambao hawakupakia hata debe moja.

Mizani ya barabarani haitusaidii sana katika jambo hili. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016 inalenga magari ya kilo 3,500 na kuendelea, yaani malori na mabasi. Pikapu nyingi ziko chini ya kiwango hicho, hivyo hupita bila kupimwa. Ndiyo maana twasema kwamba mizani ya kwanza ya pikapu ni mwenye gari mwenyewe.

Vikomo vinne, si kimoja

Dereva akiulizwa kuhusu mzigo wake, mara nyingi hujibu: "Gari langu linavuta tani mbili na nusu." Huenda asemayo ni kweli. Lakini jibu hilo linahusu kikomo kimoja, ilhali gari lina vikomo vinne, na kinachofikiwa kwanza ndicho kinachotawala safari.

Kikomo cha kwanza ni uzito wa juu wa gari lenyewe likiwa limejaa: chuma chake, mafuta yake, watu na mizigo. Ukitoa uzito wa gari tupu, kinachobaki ndicho uwezo wa kubeba.

Kikomo cha pili ni uwezo wa kuvuta, yaani uzito wa trela pamoja na kila kilichomo ndani yake. Hapa pana viwango viwili: cha trela yenye breki zake na cha trela isiyo na breki. Kwa pikapu nyingi za ukubwa wa kati, trela isiyo na breki haitakiwi kuzidi kilo 750.

Kikomo cha tatu ni uzito wa gari na trela kwa pamoja. Kiwango hiki huwa kidogo kuliko jumla ya vikomo viwili vya kwanza, na wengi hawajapata hata kukisikia.

Kikomo cha nne ni uzito unaoruhusiwa juu ya kila ekseli na kila tairi. Tairi huandikwa namba ya uwezo wake ubavuni. Namba 112, kwa mfano, maana yake ni kilo 1,120 kwa tairi moja lenye upepo wa kutosha. Tairi likipungua upepo, uwezo huo hupungua nalo.

Vipimo hivi hupatikana kwenye kibao cha chuma au karatasi iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva au ndani ya boneti, na katika kitabu cha gari. Magari mengi yetu yamenunuliwa yakiwa yametumika, na vitabu vyake vimepotea au vimeandikwa Kijapani. Kama kipimo hakionekani, usikichukue kutoka gari la jirani linalofanana na lako. Injini, springi na kiungo cha kuvutia hutofautiana hata kwa magari ya jina moja. Muulize wakala wa mtengenezaji au fundi anayeaminika, ukimwonyesha namba ya chasisi.

Trela hukaa pia mgongoni mwa gari

Hili ndilo kiini cha somo letu. Watu hudhani kwamba kilichowekwa kwenye trela hakimo kwenye gari. Sivyo. Mkono wa trela hulalia kiungo kilicho nyuma ya pikapu, na sehemu ya uzito wa trela hukandamiza hapo. Trela iliyopakiwa vizuri hukandamiza kwa takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wake wote. Trela ya kilo 1,400 huweka kama kilo 140 juu ya gari, na kilo hizo hutolewa katika uwezo wa kubeba, sawasawa na magunia yaliyopakiwa nyuma.

Tena mzigo huo unakaa mahali pabaya zaidi, nyuma ya ekseli ya nyuma. Gari hufanya kama ubao wa kubembea: nyuma ikishuka, mbele hunyanyuka. Usukani unakuwa mwepesi, tairi za mbele hazishiki lami ipasavyo, na taa huangaza juu na kuwapofusha wanaokuja. Ukiona dalili hizo, mzigo umezidi au umepangwa vibaya.

Tuhesabu kwa mfano

Tuchukue pikapu ya mfano ya milango minne. Uzito wake ikiwa tupu ni kilo 2,000, na kikomo chake ikiwa imejaa ni kilo 2,900. Inaweza kuvuta trela yenye breki ya kilo 2,500. Kikomo cha gari na trela kwa pamoja ni kilo 4,800. Msomaji ataweka vipimo vya gari lake mahali pa hivi.

Uwezo wa kubeba ni 2,900 kutoa 2,000, sawa na kilo 900. Watu watano wa kilo 70 kila mmoja ni kilo 350; zinabaki 550. Kiungo cha kuvutia na vyuma vilivyoongezwa nyuma ni kilo 50, zinabaki 500. Sasa funga trela ya kilo 1,400, nayo itakandamiza kilo 140. Zinabaki kilo 360 tu za kupakia nyuma ya pikapu.

Kilo 360 ni nini kwa lugha ya soko? Lita moja ya mawese ina uzito wa karibu kilo 0.9. Dumu la lita 20, pamoja na plastiki yake, ni kama kilo 19. Kwa hiyo nyuma ya pikapu hiyo yanaingia madumu 18, si zaidi. Dereva anayeongeza mpaka 40 kwa sababu nafasi ipo, amezidisha kama kilo 400. Nafasi haipimi uzito.

Trela nayo ihesabiwe. Kama uzito wake tupu ni kilo 400 na kikomo chake ni 1,400, inabeba kilo 1,000. Pipa la lita 200 la mawese, pamoja na bati lake, ni karibu kilo 200. Basi mapipa ni matano. La sita libaki ghalani hadi safari ya pili.

Sasa tumsikilize yule wa tani mbili na nusu. Akifunga trela ya kilo 2,500, mkono wake utakandamiza kilo 250. Kwa watu wale wale watano, nyuma ya pikapu zinabaki kilo 250, yaani madumu 13. Akijaza hivyo, gari lina kilo 2,900, na ekseli ya trela imebeba 2,250 zilizosalia. Jumla ni kilo 5,150, ilhali kikomo cha pamoja ni 4,800. Hakuvunja kikomo cha kuvuta wala cha kubeba, lakini amezidisha kilo 350. Kuvuta kwa ukamilifu na kubeba kwa ukamilifu haviendi pamoja. Ukiongeza huku, punguza kule.

Namna ya kupanga na kupima

Vitu vizito viwekwe chini, juu ya ekseli ya trela au mbele yake kidogo, ili kama sehemu sita kati ya kumi za mzigo ziwe mbele ya ekseli. Uzito ukienda nyuma sana, mkono wa trela hunyanyua kiungo badala ya kukikandamiza, na trela huanza kupiga mkia kama samaki. Wanaovuta boti wawe waangalifu hasa, kwa kuwa injini ya boti hukaa nyuma na huvuta uzito wote upande huo.

Mapipa yajazwe au yaache kubebwa. Pipa la nusu lina mawimbi ndani yake: ukikata kona, mafuta hukimbilia upande mmoja na kuisukuma trela. Mapipa yafungwe kwa kamba madhubuti au mikanda, wala yasishikiliwe na watu. Trela si chombo cha abiria, na juu ya mzigo si mahali pa kukaa mtoto wala kibarua.

Kukandamiza kwa mkono wa trela kunapimika hapa hapa kwetu. Tumia mizani ya jukwaa ya kupimia magunia. Iweke kwenye ardhi tambarare, zuia matairi ya trela kwa mawe, kisha laza mkono wa trela juu ya kipande cha gogo kilichosimamishwa kwenye mizani, ili mkono ubaki katika kimo kile kile cha kiungo cha gari. Toa uzito wa gogo, nawe umepata jibu. Pima pia kwa kamba kimo cha bodi juu ya tairi la mbele na la nyuma, kabla na baada ya kupakia. Mbele ikinyanyuka sana, punguza au panga upya.

Trela za boti huingia majini kila mara. Beringi za magurudumu zikaguliwe na zitiwe grisi mara kwa mara, na taa zijaribiwe kila zinapotoka ziwani.

Mteremko wa kwenda ziwani

Ziwa letu liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Bugarama vinapanda haraka kutoka ufukweni. Anayeteremka na trela ashike gia ndogo tangu juu, kabla mteremko haujaanza, ili injini isaidie kuzuia. Breki zikikanyagwa mfululizo huchemka, na breki iliyochemka haishiki. Ikumbukwe pia kwamba mwendo ukiongezeka maradufu, kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, nguvu inayotakiwa kusimamisha gari huongezeka mara nne.

Trela ikianza kuyumba, usikanyage breki kwa ghafla wala usipambane na usukani. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, liache gari lipunguze mwendo lenyewe. Kisha simama mahali salama upange mzigo upya.

Kwa wanaovuka mpaka

Wanaoelekea Kigoma kwa njia ya Mabanda, Mugina na Manyovu wakumbuke kwamba Burundi tunaendesha upande wa kulia, na Tanzania upande wa kushoto. Dereva anayevuta trela apate vioo virefu vya pembeni vitakavyomwonyesha nyuma ya trela pande zote mbili. Kabla ya kuondoka, hakikisha trela ina hati zake, ina namba inayosomeka na taa zinazowaka, na uulize kampuni yako kama bima ya gari na Kadi ya Njano ya COMESA vinaigusa trela pia. Swali hilo huulizwa vizuri zaidi ofisini kuliko mpakani.

Zoezi la kujipima

Pikapu ina uwezo wa kubeba kilo 800. Ndani wamo watu watatu wa kilo 70. Inavuta trela ya kilo 1,000. Nyuma zibaki kilo ngapi? Toa 210 za watu, toa 100 za mkono wa trela: jibu ni kilo 490. Na je, trela hiyo inahitaji breki zake? Naam, kwa kuwa imepita 750.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayepakia huuona mwepesi, maana si yeye atakayeubeba. Utabebwa na springi, tairi na breki za gari. Tunawaomba wenye magari, madereva, wapakiaji na wenye mali waketi pamoja na wafanye hesabu hii kabla ya kuwasha gari. Mwenye mali anayemlazimisha dereva kuongeza pipa moja ajue kwamba anaweza kuyapoteza yote sita. Nasi polisi tunapolisimamisha gari na kuuliza juu ya mzigo, lengo letu ni kwamba mawese yafike sokoni, boti ifike majini, na kila aliyetoka nyumbani asubuhi arudi jioni.