Gari inatoa moshi ikikanyagwa gazi: tuangalie rangi kwanza

Ndugu memba wa koperative, mwezi wa pili tulikuwa tunatoka upande wa Banalia na gari ya mazutu, imebeba mihogo mikavu na ndizi. Kila mlima, shofere akikanyaga gazi, moshi mweusi unajaa nyuma, nguvu haiko. Tulipofika Kisangani fundi akasema pompe ya mazutu imekufa, mununue ingine. Feza yake ingekula karibu mauzo yote ya mzigo. Sisi ni watu wa udongo, hatuko mafundi. Lakini jani la muhogo likigeuka njano hatumwagi mbolea mbele ya kuangalia. Tukafungua filitri ya hewa: ilijaa vumbi nyekundu ya barabara ya Buta. Tukaweka mpya, gari ikapanda bila ule moshi.

Moshi mweusi ni kusema mazutu ni mengi kuliko hewa. Basi tuanze na hewa. Toa filitri, ielekeze kwenye jua. Mwangaza usipopita, badilisha. Ile ya karatasi usiifue kwa maji wala esansi. Na usitembeze gari bila filitri, vumbi itakula moteri. Kama kuna tirbo, papasa mipira yake: ukipasuka, hewa inatoroka, utasikia mlio wakati gari inavuta. Mzigo wa kupita kiasi nao unaleta weusi. Injekteri na pompe vinakuja mwisho.

Moshi wa buluu ni mafuta ya moteri yanayoungua. Umetelemka mlima bila gazi, ukikanyaga tena wingu moja linatoka na kwisha? Mara nyingi ni vimpira vya supapu. Ukitoka muda wote gari inavuta, segma za pistoni zimechoka, ao tirbo inapitisha mafuta. Pimeni mafuta kila asubuhi.

Moshi mweupe asubuhi, moteri ingali baridi, ukiisha kwa dakika chache hauna neno. Mazutu yenye maji nayo yanaleta weupe na moteri inatetemeka: weka kidogo ndani ya chupa usiku kucha, maji yatakaa chini. Lakini moteri ikisha pata moto, weupe uendelee, na maji ya radiatere yapunguke bila kuvuja njiani, simamisha gari: joenti ya kichwa cha moteri inaweza kuwa imeungua. Usifungue radiatere ingali moto. Hata ndizi zikianza kuiva juu ya gari, tafuteni gari ingine ya kuzifikisha sokoni.